Mkwaju Uliopandwa Mara Mbili

Mie ni Mpare, na sioni haya kusema. Watu wanatutania kwamba Mpare anaweza kuuza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Mie nawajibuga, sasa kama kuku ni wangu? Nimefanya kazi ya ukarani mpaka nikastaafu, na miaka yote ile sikuwahi kutia saini kitu ambacho sijakisoma mbele na nyuma. Kwa hiyo binti yangu alipofungua mkoba wake sebuleni kwangu, hapa Kunduchi, akatoa vifuko viwili vidogo vya karatasi na kuniambia, "Mama, humu mna mbegu za safari ya angani," sikumuuliza angani kukoje. Nilimuuliza, "Nani kakupa, na anataka nini?"

Akacheka. Binti yangu anafanya utafiti wa mimea huko ng'ambo alikoolewa, na alikuwa amekuja likizo. Akanieleza kwamba ni mbegu za ukwaju, zimekusanywa kwenye miti ya pwani na kugawanywa mafungu mawili. Fungu moja likapandishwa kwa roketi, likazunguka dunia huko juu kusiko na uzito, likapigwa na mionzi, kisha likateremshwa. Fungu la pili likabaki kabatini. Sasa watafiti wanataka kujua kama ile safari imezibadilisha, kama zitakua upesi au zitadumaa. Ndiyo maana wanawapa watu wa nchi za joto wazipande mbili mbili, iliyopaa na mwenzake aliyebaki.

Kifuko kimoja kilifungwa uzi mweupe, kingine uzi mweusi. Nikavigeuzageuza.

"Ipi ndiyo iliyopaa?"

"Sijui."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Mama, haki ya Mungu sijui. Wamefanya makusudi. Mtu akijua ipi imepaa ataipendelea, ataimwagilia zaidi. Watatuambia siku mti wako wa kwanza utakapozaa."

Khaa! Mtu anakupa mzigo, hakwambii ndani mna nini, halafu anakwambia usubiri mpaka uzae. Hapa mjini ukiambiwa hivyo unashika pochi yako kwanza. Nikamuuliza kwa nini amenichagua mie, mwanamke wa milimani, mkwaju nimeujulia kwenye glasi ya juisi. Akasema, "Wengine watafukia na kusahau. Wewe utazifuatilia mpaka kieleweke." Sikujua kama ananisifu au ananitukana. Nikazipokea, lakini nikamwambia kabisa: siku hiyo ya majibu naitaka, na wasinipige chenga.

Nikazikwangua ganda kidogo kwa tupa ya kucha, nikaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikazitia kwenye viriba, vile vimifuko vyeusi vya nailoni wanavyouzia miche barabarani. Zilizoota zikawa chache. Nikabakiza mche mmoja kwa kila rangi, wenye nguvu kuliko wenzake, nikafunga uzi wake shinani. Binti yangu akachuma jani moja moja la kila mche, akayakausha na kuyachukua kwa vipimo vyake, akarudi kwa mumewe. Tukakubaliana kila Jumapili nikitoka kanisani anipigie simu ya video, niweke rula aone.

Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kukosa raha. Jioni ya kwanza niliyotulia kuitazama ile miche, nikaona majani yake yamejikunja yote, mawili mawili, yamefumbana. Nikatoka mbio mpaka ukutani, nikamwita jirani yangu: "Bi Mkubwa! Bi Mkubwa, njoo uone, hii miche ina kitu!"

Huyu Bi Mkubwa ndiye mwenye duka lililoshikana na nyumba yangu. Ni mwanamke mwenye asili ya Kiarabu, babu yake aliuza duka palepale, na yeye anauza duka palepale. Kwa umri angeweza kunizaa kama angeolewa mapema. Kati ya ua wake na wangu pana ukuta mfupi wa kufika kifuani na kilango kidogo cha bati. Mume wangu alipofariki, ndugu zangu walikuja kutoka Same, wakazika, wakarudi kwenye mashamba yao. Bi Mkubwa hakurudi popote. Alikuwa akipita kile kilango kila asubuhi na kibakuli cha uji, anakaa, ananitazama mpaka nimalize, anaondoka bila kusema pole, maana alijua pole nilishazichoka. Ufunguo wa pili wa nyumba yangu na wa kile kilango alikuwa nao yeye. Nikisema kwamba mjini hapa nilikuwa na mtu mmoja tu, ni huyo, na mtu mwingine wa kumfananisha naye sikuwa naye.

Basi akaja, akaitazama miche, akaangua kicheko mpaka akashika kiuno. "Mpare wee! Mikwaju yote jioni inalala. Ya angani, ya ardhini, yote!" Kisha kicheko kikakatika ghafla. Akauliza, "Kwani hii utaipanda ardhini?"

"Nitaipandaje, juu ya bati?"

"Utaipanda weye mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wa nani tena?"

Alitazama ile miche kidogo, hakuigusa, akarudi dukani kwake.

Nikaliweka lile swali moyoni. Na wiki iliyofuata akaniuliza tena, nimekwenda kununua sukari: "Ile mikwaju, utamwita mtu akupandie?" Siku nyingine akaniambia anamfahamu mzee mmoja kule ufukweni, hana kazi, anaweza kuja kunipandia bure. Bure! Nikajisemea, mh, kuna ishu hapa. Mtu mwenye duka hajui neno bure.

Na si yeye peke yake. Habari ilishaenea mtaani, nadhani kwa mdomo wangu mwenyewe. Kijana wa bodaboda akanisimamisha: "Mama, shikamoo. Eti ule mti wako unavuta intaneti?" Mama mmoja wa kwaya aliniomba jani akachemshie miguu, nikamwambia mti wenyewe una majani ya kuhesabika na miguu yake namfahamu tangu zamani. Mwanamume nisiyemjua alisimama getini asubuhi nzima, anasema anapunga upepo. Nikanunua wavu wa chuma, nikajenga kizimba, nikatia kufuli. Kila nikitoka nilikuwa naitazama ile kufuli mara mbili, naondoka, narudi kuitazama tena.

Hata miche yenyewe nilikuwa naishuku. Wa uzi mweusi ulikuwa unakimbia. Wa uzi mweupe umetulia tu kama mtoto wa mchungaji. Nikawa na hakika mweusi ndio uliopaa. Kisha nikawaza, pengine wamekusudia nifikiri hivyo.

Masika yakafika. Binti yangu akasema ardhi imelainika, nitoe kwenye viriba, nipande yote siku moja, karibu na ukuta wa jirani ikingwe na upepo wa chumvi. Jumamosi mchana nikachimba mashimo, nikaitoa miche kizimbani, nikapiga magoti, nikachana nailoni, nikaipanda yote miwili. Udongo nikaushindilia kwa kisigino cha kandambili. Nikainua macho nikamwona Bi Mkubwa upande wa pili wa ukuta, amesimama, mkono mdomoni.

"Ushaipanda," akasema.

"Nimeshaipanda."

"Yote miwili."

"Yote miwili, Bi Mkubwa. Kuna tatizo?"

Akaondoka bila kunijibu. Bi Mkubwa, mtu anayejibu hata redio!

Jumapili nikatoka kwenda kuitazama kabla ya kanisa. Mvua haikunyesha usiku ule. Lakini udongo ulikuwa umelowa, na zile alama za kandambili yangu hazikuwepo. Badala yake palikuwa na alama za vidole, vidole vya mtu vimebonyeza udongo kuzunguka shina, kwenye mche huu na kwenye mche ule. Nikainama. Nyuzi zilikuwepo, mweupe na mweusi, lakini mie nafunga fundo moja tu la kukaza, na pale palikuwa na fundo la kitanzi, kama mtu anayefunga mfuko wa karanga.

Kuna mtu ameing'oa miche yangu! Ameing'oa na kuipandikiza mingine, mikwaju ya kuokota tu, akafunga nyuzi zangu ili nisijue. Geti lina komeo kwa ndani, halijaguswa. Kilango cha bati kilikuwa kimefungwa vizuri, kwa ufunguo. Na mwenye ufunguo wa kilango nilikuwa namjua. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Sikwenda kanisani. Nikapita mbele, nikaingia dukani kwake, nikasubiri mteja aondoke.

"Bi Mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeingia kwangu leo?"

Alikuwa anapanga viberiti. Akaendelea kuvipanga. "Mie sijaiba kitu chako," akasema.

Sasa nisikilizeni. Mie nimekaa na watu wazima ofisini, najua mtu anapojibu swali asiloulizwa. Sikumuuliza kuhusu kuiba. Nikamwambia, "Nimekuuliza kama umeingia." Akasema, "Kula kiapo sitakula, kwa sababu kiapo ni kitu kikubwa. Nenda nyumbani, miche yako ni mizima." Nikanyoosha mkono. Nikamwambia anipe funguo zangu. Akafungua droo, akazitoa, akazifuta kwa pindo la kanga kama ziliingia vumbi, akaniwekea kiganjani.

Nikaanza kununua sukari kule barabara ya Tegeta. Ilikuwa mbali, na nilipokuwa narudi ilinibidi nipite mbele ya duka lake na mfuko wa watu wengine mkononi. Nilikuwa nampa shikamoo, kwa sababu umri ni umri. Alikuwa anaitikia marahaba. Baada ya hapo kimya. Nilikuwa nakunywa chai peke yangu barazani na kusikia anakohoa upande wa pili, na moyo unaniuma, kweli unaniuma, lakini nikikumbuka lile fundo la kitanzi hasira inarudi upya. Nilikuwa najiambia kwamba bora kukaa na upweke kuliko kukaa na mwizi. Nilikuwa najiambia hivyo kila siku, na kitu cha kweli hakihitaji kuambiwa kila siku.

Binti yangu nilimwambia wiki ileile. "Miche imebadilishwa. Vipimo vyako ni bure."

"Nani aibadilishe, mama?"

"Hilo niachie mie."

Akapumua. Akaniambia nichume majani mapya, niyakaushe kwenye karatasi, nimpe mtu anayesafiri. Ana yale ya mwanzo, atalinganisha vinasaba. Nikafanya hivyo. Majibu yalichelewa sana, na wakati huo mikwaju ilikuwa inaendelea, wa uzi mweupe umefika gotini, wa uzi mweusi umeshanipita kiuno na unautazama ukuta. Kila Jumapili binti yangu akiona rula anapiga makofi. Mie pia nilikuwa nafurahi, japokuwa niliamini nafurahia mti wa kuokota.

Halafu siku moja akanipigia, si Jumapili, amefurahi. "Mama, ni ileile! Haijabadilishwa. Mweupe ni yuleyule, mweusi ni yuleyule."

Mtu mwingine angemshukuru Mungu, akanunua soda, akapita kile kilango kuomba radhi. Mie nilikata simu nikakaa chini. Kama hakuiba, basi alifuata nini? Mtu anapita alfajiri kwenye ua wa mwenzake, anang'oa miche, anairudisha vilevile, anafunga nyuzi vizuri. Huyo hajatoa kitu, ametia kitu. Nikakumbuka yale maswali. Kwa mkono wako? Utaipanda weye mwenyewe? Mie ni mtu wa kanisa, mambo ya hirizi siyaamini, lakini kutoyaamini si sababu ya kukaa na hirizi ya mtu kwenye ua wako.

Nikachukua kijembe cha palizi. Ilikuwa baada ya saa tisa, jua bado kali. Nikaanza na ule mkubwa. Nikafukua upande wa kulia, sikuona kitu. Nikafukua upande wa ukutani, nikaona mizizi, kokoto na kifuniko cha soda. Nikazidi kuingia ndani, mti ukaanza kuyumba. Hapo nikasikia ukelele upande wa pili.

"Wacha! Wacha hilo jembe! Utaung'oa!"

Alikuwa Bi Mkubwa, kichwa chake juu ya ukuta, ushungi umemwanguka. "Usiuguse tena! Ukiung'oa ukaurudisha kwa mkono wako, kazi yangu yote bure!" Kisha kichwa kikapotea. Kilango kilikuwa na kufuli, kwa hiyo alizunguka mtaani, akaacha duka wazi, mwanamke mwenye magoti mabovu vile, akaingia getini kwangu anahema. Akaninyang'anya kijembe. Nikamwachia kwa mshangao.

"Kazi gani?" nikamuuliza. "Leo utaniambia. Kazi gani uliyoifanya hapa?"

Akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kwetu mkwaju haupandwi," akasema. "Ndege kautupa, maji yamekokota, basi, umejiotea wenyewe. Mtu akiupanda kwa mkono wake, siku utakapozaa ndiyo siku yake ya kuondoka. Baba yangu aliupanda. Watu wakamkanya, akawacheka. Ulipotoa mzigo wa kwanza, sie watoto tuliula kwenye matanga yake."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Weye? Nikwambie weye? Ungeniambia lete mashahidi!"

Na kweli, ndivyo ningesema.

"Nikakutafutia yule mzee, umekataa. Nikasema labda atasahau, labda mbuzi watakula. Siku ile natokeza hapo ukutani nakuona umepiga magoti kabisa. Tena miwili! Nikasema, yaa Rabi, huyu Mpare hana hata kiasi, kifo kimoja hakimtoshi." Akajifuta uso kwa kanga. Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani yeye pia hakujua. "Nikaswali alfajiri, nikaja. Nikaitoa yote miwili pamoja na udongo wake, nikasema kwa sauti, mpandaji ni mie. Nikairudisha. Nyuzi zilikuwa zimeteleza, nikazifunga."

Kwa hiyo nilikuwa sahihi! Aliingia, aliing'oa, alizifunga zile nyuzi. Kila nilichokishuku kilikuwa kweli, na bado sikuwa nimejua chochote. Badala ya kumkumbatia nikawaka. Nilimpigia kelele, najua majirani walisikia. "Nani alikutuma? Mie nilikuomba unifie? Nilikuomba? Unakaa kimya miezi yote hii, nakuita mwizi moyoni mwangu, unaniitikia marahaba tu! Wewe mwanamke una roho gani?"

"Usipige makelele, watu wananunua," akasema, kana kwamba duka lake lilikuwa na mtu. "Weye una mjukuu hata hajazaliwa huko ng'ambo, hujamwona hata uso. Mie wangu nimeshawaona, na wengine nimeshawachoka. Tena nilipiga hesabu zangu. Mkwaju unakwenda polepole. Mtu wa umri wangu, mpaka uje uzae, utanikuta zamani nimo mchangani kwa siku zangu mwenyewe. Nilijua nimeuweza."

Akainua macho kuutazama ule wa uzi mweusi. Tangu nilipouona ukitoka ardhini sikuwahi kuutazama mti ule kwa macho yake. Ulikuwa umeshaupita ukuta.

"Lakini huu wenu," akasema. "Huu unakimbilia wapi?"

Nikamwambia mie ni Mkristo, habari za mkwaju kuua mtu siziamini hata kidogo, na yeye pia asiziamini, mume wangu amekufa na hakuwahi kupanda hata mchicha. Akasema, "Usiamini. Sikuupanda kwa imani yako." Akainuka, akaniomba nimsaidie kurudishia udongo, lakini nisiushindilie mie. Nikamletea udongo kwa koleo, yeye akaubonyeza kwa vidole. Jioni ileile nilimrudishia funguo zake, na kesho yake nikanunua sukari mlangoni pangu.

Lakini roho haikutulia, ilibadilisha tu kitu cha kushuku. Sasa nilikuwa naushuku mti. Jumapili napima kwa futi binti anapiga makofi, na mie nageuza simu asiuone uso wangu. Niliacha kuumwagilia. Ukakua. Niliacha kuutilia samadi. Ukakua vilevile. Nilifikiria kuukata, nikamuuliza Bi Mkubwa kwa kuzunguka, akasema kuukata mti wa mtu ni kumwita aende leo. Mwenzake wa uzi mweupe, miaka yote hiyo, haukufika hata begani kwangu, na Mungu anisamehe, nilikuwa naupenda huo.

Bi Mkubwa hakuwahi kunitajia tena. Ila alianza kugawa vitu. Sinia la shaba la mama yake akalipeleka kwa binti wa dada yake. Mie akanipa kibakuli cha uji, kilekile. Nilikikataa kwa maneno makali, akakiacha ukutani, akaenda zake.

Mwaka huu, mapema kuliko mkwaju wowote ambao binti yangu amewahi kuusoma, ule wa uzi mweusi umetoa maua. Madogo, ya manjano, yana mistari myekundu, yananing'inia kwa vishada. Nilisimama chini yake nikawaza haraka. Ua likibaki litakuwa tunda, na tunda likipatikana watasema ipi ilipaa. Miaka yote hii nimekingoja hicho. Hakuna mtu duniani anayetaka kukijua kuliko mie. Nikaenda jikoni nikachukua stuli.

Tangu siku ile kila asubuhi ndiyo kazi yangu, maana hayaishi, ukiyatoa leo kesho yamechanua mengine. Binti yangu akiuliza namwambia mti umezubaa, labda ni chumvi. Ananitazama kwenye simu kwa jicho ambalo amelirithi kwangu. "Mama, una hakika?" Namwambia, "Nina hakika." Uongo huo nautoa mchana kweupe, na nitautoa tena Jumapili ijayo.

Juzi nilikuwa juu ya stuli, mikono imejaa maua, kichwa kimo ndani ya majani. Nikasikia sauti ya Bi Mkubwa upande wa pili.

"Unafanya nini huko juu?"

"Natoa wadudu."

"Shuka, utavunjika mguu mtu mzima weye."

"Nashuka."

Nikamsikia hajaondoka. Niliogopa kugeuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ya mtu anayeona aibu kuomba:

"Kuna tawi limeingia huku kwangu. Hilo umelisahau."

Nikageuka. Alikuwa amelishika ncha kwa vidole viwili, amelivuta chini ili nilifikie, na lilikuwa limejaa maua. Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye yale maua.

"Lishike hivyohivyo, mama," nikamwambia. "Nakuja huko."